Barua ya wazi kwa Afisa Kilimo wa wilaya yetu: toa soda kwenye friji, weka bakteria

Ndugu Afisa Kilimo, shikamoo. Nimeanza na shikamoo ingawa kwa umri wewe ni mdogo wangu kabisa, ila huku kwetu cheo nacho kinaamkiwa, basi ipokee. Pole na majukumu. Najua uko bize maana nimekupigia simu mara tisa tangu Februari, ukapokea mara moja tu ukaniambia mama niko kikaoni nitakupigia, na leo ni mwezi wa sita, sijui hicho kikao kinaongelea nini kisichoisha.

Sikutaka kuandika huku mbele za watu. Mimi ni mtu wa kwenda ofisini, nabisha hodi, nakaa kwenye benchi mpaka niitwe. Ila Jumanne iliyopita umenimaliza. Umekuja kijijini na gari mbili na wageni, tukakupikia, ukasimama pale ofisi ya kijiji ukawaambia wageni kwamba akina mama hawa waliletewa teknolojia bure ila wakashindwa kufuata maelekezo. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Wageni wakaandika kwenye madaftari yao. Wenzangu wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi na mimi ndiye niliyewaambia waache mahindi walime soya. Mmoja akacheka kabisa.

Sasa ngoja nikukumbushe hayo maelekezo, maana naona wewe ndiye uliyeyasahau.

Oktoba mwaka jana ulikuja na bibi shamba wetu ukatukalisha chini ya mparachichi, na nikupe haki yako, ulifundisha vizuri. Ulisema hewa tunayovuta asilimia 78 ni naitrojeni, ndiyo hiyo hiyo tunayoinunua kwenye mfuko wa urea, lakini mmea hauna uwezo wa kuichukua hewani. Ukasema kuna bakteria wa udongo wanaitwa rizobia, wanaingia kwenye mizizi ya soya, mzizi unavimba unatengeneza kinundu, humo ndani mmea unawalisha sukari na wao wanabadilisha ile naitrojeni ya hewani iwe chakula cha mmea. Mzee mmoja akauliza kwani mbona sisi soya tumelima miaka yote bila hao wadudu, ukajibu kwamba soya ni mgeni hapa, kwao ni China huko Asia, alipokuja bakteria wake hawakuja naye, na hawa wa kwetu waliozoea maharage na kunde wengi wao hawaelewani naye. Ndio maana inabidi tumpakie wa kwake kwenye mbegu. Watu wakacheka, wakaelewa. Mimi nilielewa kuliko wote, ndio kosa langu.

Ukapiga na hesabu. Mfuko wa urea kilo 50 una naitrojeni kilo 23 tu, hiyo nyingine sio. Nakumbuka mwaka 2022 nilikuwepo pale viwanja vya John Mwakangale Nanenane ruzuku ya mbolea ilipozinduliwa, urea ikashuka ikawa elfu sabini, tukashangilia, lakini elfu sabini kwa mtu wa ekari moja na nusu bado ni hela, ukiongeza na nauli kutoka Uyole ndo kabisa. Kwa hiyo uliposema kuna pakiti ya unga mweusi wenye bakteria hao, ya bei ya soda chache inayofanya kazi hiyo shambani mwenyewe usiku na mchana, tena bakteria hawadai posho, mimi nilipiga makofi. Ukaahidi, na kumbukumbu za kikundi ninazo zimeandikwa na katibu kwa mkono wake: mbegu na pakiti zitafika kabla ya mvua, na chokaa kwa wale wenye udongo mchachu.

Mvua zikaanza. Pakiti hakuna. Desemba yote tunapigiana simu kwenye grupu la WhatsApp, vipi zimefika, bado, vipi, bado. Mashamba yamelimwa yanaota majani. Mbegu zilikuja kabla ya Krismasi, chokaa mpaka leo sijaiona hata rangi yake. Tarehe 11 Januari nikaambiwa mzigo uko ofisini kwako tuufuate wenyewe kwa sababu gari halina mafuta. Nikapanda boda mpaka barabarani, nikapanda Coaster, nikafika.

Na hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Ulinipokea vizuri. Kulikuwa na jua la saa nane, lile jua la kati ya mvua na mvua linalochoma kama moto. Pembeni ya meza yako kuna friji nyeupe ndogo ina stika ya mradi, imeandikwa ni ya kuhifadhia mbolea hai. Ukaifungua. Ndani kulikuwa na soda, maji ya chupa na kontena la chakula cha mtu. Ukanitolea soda, ndaga fijo, yaani asante sana, nikanywa, na ilikuwa baridi kweli kweli. Halafu ukainuka ukanyoosha mkono juu ya kabati la mafaili, dirishani, jua linapiga moja kwa moja, ukashusha boksi la pakiti zetu. Niliposhika boksi lilikuwa la moto. La moto kama chungu kilichotoka jikoni muda si mrefu. Nikajiambia labda ndivyo zilivyo.

Sikusema kitu. Nilikuwa nakunywa soda yako.

Nilivyofika nyumbani kijana wangu wa form two akasoma pakiti kwa tochi ya simu. Imeandikwa iwekwe mahali pa baridi, isipigwe na jua, na tarehe ya mwisho ni mwezi wa kumi na moja. Sisi tuko Januari. Akaniambia mama hawa ni viumbe hai, wakipikwa wanakufa, akaingia mtandaoni akanionyesha kwamba kuna Mholanzi mmoja anaitwa Beijerinck aliwatoa hawa bakteria kwenye vinundu mwaka 1888, yaani jambo hili linajulikana tangu kabla Mjerumani hajajenga boma Iringa. Nikamwambia nyamaza, wataalamu wanajua. Nikakupigia, hiyo ndiyo simu ya kwanza ya zile tisa, ah hapana, ya kwanza ilikuwa kabla ya Februari, basi ni kumi. Hukupokea.

Tukafanya kila kitu ulichosema. Saa kumi na moja alfajiri, kivulini chini ya mti, tukakoroga sukari kwenye maji ili unga ushike, tukamimina kwenye beseni la mbegu, tukageuza kwa mikono taratibu mpaka kila punje ikawa nyeusi kama imepakwa masizi. Mbegu zenyewe zilikuja na rangi ya pinki, maana yake zilishapakwa dawa ya fangasi, na nimeshasikia kuna dawa za namna hiyo zinaua bakteria, sasa hilo nalo nani alipaswa kulijua, mimi au wewe? Tukapanda na kufukia papo hapo jua halijachomoza. Watoto wanafukuza kuku. Tulivyomaliza nilikuwa na mgongo wa kuomba kufa.

Februari soya ikaanza kutoa maua, ikawa ya njano njano, majani ya chini yanafifia kama ya mtu mwenye safura. Ulisema wakati wa maua tung'oe mche mmoja tukague. Nikachimba na jembe pembeni nisikate mizizi, nikauosha kwenye ndoo. Vinundu vinne. Vinne mche mzima! Vidogo kama punje za ulezi. Nikakipasua kimoja kwa ukucha, ndani cheupe. Cha pili kijani kijani. Jumamosi hiyo nikaenda kwa shemeji yangu upande wa Mbalizi, yeye pakiti zake alizipata kwingine na alizihifadhi kwenye mtungi kwenye mchanga wenye unyevu, hana friji wala umeme. Aling'oa mche mmoja, vinundu vimeshikana kwenye mzizi mkuu kama shanga, nikapasua na ukucha ule ule, ndani kwekundu. Kwekundu kama nyama mbichi, ukanibaki kwenye kidole. Wekundu huo ni kitu cha jamii moja na kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu, kazi yake kuwasogezea bakteria oksijeni kwa kipimo maana ikizidi inawaharibia kazi. Ukiona wekundu huo ujue wako hai wanapiga kazi. Nilikaa kwenye kile kitalu chake nikalia, sitaki kukuficha.

Nilipiga picha ya vyote viwili nikakutumia. Tiki mbili za bluu. Umeona. Hujajibu.

Mavuno yangu ni gunia mbili na debe moja, ekari moja na nusu. Wenzangu wengine hata gunia mbili hawakufika. Nilikopa laki mbili na nusu kwenye kikoba kulimia na kupalilia, kikoba hakijui bakteria wamekufa wala wako hai, kinajua tarehe. Nimeuza nguruwe jike akiwa na mimba, Ndugu Afisa, nguruwe ambaye angenipa watoto nane au tisa Agosti, nimemuuza kwa bei ya nyama. Kijana kakaa nyumbani wiki mbili hela ya hosteli haijatimia. Mume wangu haniambii kitu ila akipita pale kwenye banda tupu anakohoa. Wewe hukujua hayo, ndio nakwambia sasa.

Labda utasema ni udongo una asidi. Inawezekana, udongo wa huku mwingi ni mchachu na bakteria hawa hawaupendi, ila chokaa aliahidi nani? Labda utasema ni upungufu wa fosforasi, kirutubisho kingine cha mmea, nayo inahitajika, sawa, nitakubali. Labda tulichelewa kupanda. Tulichelewa kwa sababu ya nani? Kila mlango ninaogonga ndani nakukuta wewe. Mimi kwa kichwa changu cha darasa la saba naamini waliungua pale dirishani, na wale waliopona walikuta dawa ya pinki, basi.

Na sio kwamba jambo hili ni geni nchini. SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, walishawahi kutengeneza bakteria wao wenyewe, wakaita Nitrosua. TARI Uyole, watafiti wa kilimo wa serikali, wako hapa hapa, wametoa mbegu za soya zenye jina la Uyole, mtu anaweza kwenda kwa daladala akauliza jinsi ya kutunza pakiti akarudi kabla ya chakula cha mchana. Soko la China lilifunguliwa kwa soya yetu tangu 2020, kila siku tunaambiwa limeni soya dunia inaitaka. Tunalima. Yaani mambo yote makubwa yapo, mikataba, watafiti, ruzuku, hotuba, halafu yanakuja kufia juu ya kabati.

Nilitaka kuomba mambo mengi. Nilitaka uje mbele ya kikundi useme kilichotokea, uwaambie na wale wageni, maana wameondoka wakijua sisi ni wazembe. Nilitaka tulipwe fidia. Nilitaka chokaa. Nilitaka mbegu zisizopakwa dawa. Jana usiku nimeyaandika yote nikayafuta, kwa sababu nakujua utayaunda kamati.

Naomba friji tu. Ile ile, sio mpya. Itoe soda, itoe maji, na hilo kontena la wali mwenyewe alichukue, weka pakiti humo siku ile ile zinapofika, na zifike Novemba, na usome tarehe kabla hujasaini. Umeme ukikatika niambie, shemeji ana mtungi wa ziada. Friji tu, Ndugu Afisa. Ina stika tayari.

Jumatatu saa tatu nitakuwa kwenye benchi la nje ofisini kwako pamoja na akina mama kumi na wawili. Tutakuja na mashina ya soya na mizizi yake kwenye kiroba. Tukiingia usitukaribishe soda.

Mwenyekiti wa kikundi, mkulima wa ekari moja na nusu