Kutengana si kupeana talaka

Ndugu Mhariri,

Naomba magazeti yetu yaache kuandika "wametengana" pale wanandoa walipopeana talaka. Inaniuma, maana watu wanaumia kwa kuchanganya haya mawili.

Talaka tumeipata kwenye Kiarabu, kutoka shina lenye maana ya kufungua na kuachia huru. Hata ngamia aliyefunguliwa kamba Waarabu humwita kwa neno la shina hilo. Waliotengana hawajafunguliwa. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mwanamke aliyetengana na mumewe bado ni mke wa mtu, na akiolewa kwingine ndoa hiyo ni batili.

Waandishi, kabla ya kuandika, waulizeni wahusika: talaka imeshatoka?

Msomaji,
Kariakoo, Dar es Salaam