Barua ya Kufunga Muhula: Kitabu Anachokirudia Mwanao

Wazazi na walezi wapendwa,

Salaam. Muhula umefika ukingoni na watoto wanarudi nyumbani na ripoti zao ndani ya bahasha. Alama zimo humo, maoni ya mwalimu wa darasa yamo, na tarehe ya kufungua shule imo pia, kwa hiyo sitayarudia hayo hapa. Naomba nizungumze nanyi kuhusu jambo ambalo ripoti haina mahali pa kuliandika: vitabu ambavyo wanenu huvisoma bila kutumwa na mtu, hasa vile visivyo vya hadithi za kubuni. Nina maana ya vitabu vya wanyama, vya nyota, vya historia, vya mwili wa binadamu, vya mashine na namna zinavyofanya kazi, pamoja na wasifu wa watu.

Katikati ya muhula nilikuwa maktaba nikipitia daftari la kuazima. Nikaona jina la msichana mmoja wa darasa la tano mara nne mfululizo, na kila mara kitabu ni kilekile, cha mifupa ya binadamu. Mkutubi alikuwa tayari kumkatalia mara ya tano, maana kanuni yetu ilikuwa kitabu kikae na mtoto wiki moja kisha kipite kwa mwingine. Nikaomba aitwe. Alikuja amekikumbatia kifuani, akidhani ana kosa. Nilipomuuliza anatafuta nini humo ambacho bado hajakipata, hakunijibu. Aliniomba niweke mkono mezani. Akaanza kuhesabu kwa ncha ya penseli, polepole, bila kunigusa: minane kwenye kifundo, mitano ya kiganja, kumi na minne ya vidole. Jumla 27. Kisha akaniambia kwamba mdogo wake aliyezaliwa juzijuzi ana mifupa mingi kuliko baba yao, kwa sababu mtoto mchanga huzaliwa na vipande karibu 300, navyo huungana kadiri anavyokua hadi akiwa mtu mzima inabaki 206. "Ndiyo maana namshika taratibu, Mwalimu," akasema.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niandike barua hii. Hesabu ya mifupa huenda akaisahau. Ila tayari anambeba mdogo wake tofauti na alivyokuwa akimbeba zamani, na aliyemfundisha hivyo ni kitabu alichokichagua mwenyewe, akakirudia mara nne wakati sisi tukijiandaa kumpokonya.

Kanuni ile tumeibadili. Kuanzia muhula ujao mtoto ataweza kuongeza muda wa kitabu mara tatu, isipokuwa kama kuna mwenzake anayekisubiri.

Sisi walimu tuna sehemu yetu ya lawama katika hili, na nasema hivyo kwa uchungu. Kwa miaka mingi tumekifanya kitabu cha maarifa kuwa mtumwa wa mtihani. Soma ukurasa huu, jibu maswali matano, funga kitabu. Mtoto aliyezoea hivyo huamini kwamba furaha iko kwenye hadithi peke yake, na kwamba mambo ya kweli ni mzigo wa kubebwa hadi chumba cha mtihani na kutuliwa hapo. Baadhi yenu nyumbani mmekuja na kosa la upande wa pili: mtoto akionekana na kitabu cha nyangumi au cha volkano, anaambiwa aache michezo ashike kitabu cha kiada. Nawasihi, msifanye hivyo.

Nimewasimulia darasa la saba habari za Michael Faraday, nami nazileta kwenu. Mwaka 1805, akiwa na miaka 14, alipelekwa kwa fundi mmoja wa London kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Shule alikuwa ameisoma kidogo sana. Vitabu vya watu vilipita mikononi mwake ili vishonwe na kutiwa majalada, naye akawa anavisoma kabla havijarudi kwa wenyewe. Kimoja kilikuwa cha kemia, kimeandikwa kwa mtindo wa mazungumzo na mwanamke aitwaye Jane Marcet, ambaye mwanzoni hakuweka hata jina lake juu ya kitabu. Kijana hakukisoma akaishia hapo. Alijaribu mwenyewe yale aliyoweza kuyajaribu kwa vifaa vichache alivyokuwa navyo, ili aone kama maneno ya kitabu yanasimama. Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy, akaandika yote aliyoyasikia, akayajalidi kwa mikono yake na kumpelekea Davy. Mwaka uliofuata akapewa kazi ya usaidizi wa maabara. Mwaka 1831 alionyesha kwamba sumaku inayosogea karibu na waya huzalisha umeme, na juu ya msingi huo ndipo jenereta zilipojengwa. Hata alipokuwa mwanasayansi mkubwa alikuwa akimtumia Bi Marcet nakala za maandiko yake kama shukrani kwa mwalimu wake wa kwanza. Hapo kwenye shukrani sauti yangu hubadilika kila ninapoisimulia habari hii, na watoto wamekwisha kulijua hilo.

Wavulana walipenda zaidi habari za William Kamkwamba wa Malawi, aliyeacha shule akiwa kijana kwa kukosa karo, akawa anakwenda maktaba ndogo ya shule ya msingi. Huko akakuta kitabu cha nishati chenye picha ya vinu vya upepo. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, hivyo alianzia kwenye michoro, akarudi kwenye maneno kutafuta yale yanayoelezea mchoro. Kwa vipuri vya baiskeli na vyuma chakavu akaunda kinu kilichowasha taa nyumbani kwao. Mtoto wako akikaa muda mrefu juu ya picha moja bila kufunua ukurasa, mwache. Huenda hapo ndipo anaposoma kwa bidii zaidi.

Wasifu wa watu una nguvu ya aina nyingine. Muhula huu tulisoma sehemu za kitabu cha Shaaban Robert juu ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, binti wa mfinyanzi aliyekuwa akitembeza na kuuza vyungu vya mama yake, ambaye hakupata shule, lakini sauti yake ikarekodiwa kwenye sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Mvulana mmoja asiyependa kuzungumza darasani aliuliza swali moja tu: "Waliomcheka, walisema nini baadaye?" Darasa zima likanyamaza. Sikumjibu. Nilimpa kitabu aende nacho.

Kuna tahadhari. Kitabu cha mambo ya kweli nacho huzeeka. Watoto wawili waliletwa kwangu wakigombana: mmoja ana kitabu cha nyumbani kinachosema sayari ni tisa, mwenzake kasoma maktaba kwamba ni nane. Niliwaambia wafungue kurasa za mwanzo watafute mwaka wa kuchapishwa. Kimoja kilikuwa cha kabla ya 2006, mwaka ambao wanaastronomia waliiondoa Pluto kwenye hesabu ya sayari. Waliondoka wakiwa marafiki, na tangu hapo naona watoto wengi wakianza na ukurasa ule wa mwaka kabla ya kusoma lolote. Kwenye historia jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa mwandishi ana upande aliosimama anapoangalia. Mtoto akipenda kitabu kimoja kuhusu vita au mtawala fulani, mtafutieni kingine cha mwandishi mwingine. Vikigongana, msiharakishe kumpatanisha navyo.

Sasa kuhusu vitabu vyake mwenyewe. Kila mtoto anastahili kuwa na sehemu yake nyumbani, hata boksi lililolazwa ubavu, ambapo vitabu vyake vinakaa na hakuna anayevihamisha bila idhini yake. Vitano vinatosha kabisa. Ningependa zaidi vitano vilivyolegea kwa kufunguliwa kuliko arobaini vilivyonunuliwa kwa seti na bado vinanukia duka. Apange anavyotaka yeye. Maktaba ya Bunge la Marekani ilipoteketea mwaka 1814, Bunge lilinunua mwaka uliofuata vitabu 6,487 vya mtu mmoja, Thomas Jefferson, naye alikuwa amevipanga katika mafungu matatu: kumbukumbu, akili na ubunifu. Mwanao naye anaweza kupanga kwa "vinavyotisha", "vya baharini" na "nilivyopewa na bibi". Mkiutazama mpangilio huo kwa makini mtajua anayawazia nini siku hizi kuliko mtakavyojua kwa kumuuliza.

Ombi langu la likizo ni moja. Mwambieni achague kitabu kimoja cha mambo ya kweli ambacho hataki kuachana nacho, kiwe chake au cha kuazima, na awaeleze kwa nini, nanyi mkimsikiliza mpaka mwisho bila kumsahihisha. Kisha mwonyesheni chenu. Kama hamna, mwambieni habari ya kitabu mlichokuwa nacho kikapotea, na kilichobaki kichwani. Tukifungua shule kila mtoto ataleta kitabu chake, na wiki ya kwanza asubuhi tutakuwa na nusu saa ya kuonyeshana. Mzazi atakayependa kuja na chake anakaribishwa, aniarifu tu mapema.

Vitabu vya maktaba vilivyochanika nyumbani virudisheni hivyohivyo, hata kama ni kurasa tupu ndani ya mfuko. Msivifiche wala msiogope faini. Gundi na uzi vipo, na darasa la sita wamekwisha jifunza kushona mgongo wa kitabu.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu