Tulinunua ving'amuzi, sasa masafa yako wapi?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako niulize kitu ambacho huku Pwani sisikii mtu akikiuliza: yale masafa (mawimbi ya hewani yanayobeba tivi na simu) yaliyoachwa na tivi za zamani, mbona hayatuletei intaneti ya simu? Mwaka 2015 tulipozimiwa tivi za analojia watu walilalama weee, wenye stesheni nao walikuwa wamefika hadi Mahakama ya Juu, na Februari ile Citizen, NTV na KTN zikawa haziko hewani wiki mbili na zaidi. Kelele yote ilikuwa king'amuzi ni pesa ngapi na nani atakilipia. Yale masafa yaliyobaki wazi hakuna aliyeyataja, na kumbe ndo ilikuwa shughuli yenyewe.

Maana analojia ilikuwa inakula nafasi vibaya sana. Stesheni moja inakalia megahatsi 8 (ndo kipimo cha masafa) peke yake, dijitali ikija hizo hizo 8 zinabeba stesheni kumi na zaidi, kwa hivyo nchi zikakubaliana Geneva mwaka 2006 kuwa ikifika tarehe 17 Juni 2015 analojia isitegemee kulindwa tena. Kisha mikutano ya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ikaanza kuyagawa yaliyobaki, ule wa 2007 ukafungulia simu megahatsi 790 hadi 862, na kufikia 2015 zikafuata 694 hadi 790. Hizo ndo wenyewe huita 800 na 700.

Na si masafa hivi hivi. Yakiwa chini yanafika mbali na yanapenya ukuta, yale ya 1800 na 2600 yanabeba data nyingi lakini yakikutana na nyumba ya Mji wa Kale, kuta za mawe na chokaa nene vile, yanaishia barazani. Ukiingia ndani simu inasoma E, ile intaneti ya zamani ya kujikokota. Mlingoti mmoja wa 800 unafunika eneo ambalo kwa 2600 ungehitaji milingoti kadhaa, sasa niambie kampuni gani itajenga milingoti kadhaa Mwakirunge, kule pembezoni mwa Mombasa?

Kinachoniudhi zaidi ni hizi nyaya za intaneti za baharini. SEACOM na TEAMS zilitua hapa Mombasa 2009, EASSy ikafuata 2010, yaani intaneti ya Kenya na majirani kina Uganda inapitia mlangoni kwetu (na sisi ndo wa mwisho kuonja, ka kawaida), halafu mwanafunzi wa Mtongwe akitaka kutuma fomu ya mkopo avuke feri aje saiba mjini.

Ujerumani walipouza 800 mwaka 2010 waliwaambia kampuni za simu waanze na vijiji vidogo kwanza, miji mikubwa baadaye. Sasa hapo nauliza Mamlaka ya Mawasiliano, leseni zetu za 800 zina sharti kama hilo ama zinalipiwa tu basi? Kama halipo liwekwe, na kwa 700 nako liwekwe kabla mtu hajaongezewa hata megahatsi moja. Ukiachia kampuni ichague yenyewe itaenda Nyali na Bamburi kwenye hoteli, wala siilaumu, biashara ni biashara. Pia kuna ule Mfuko wa Huduma kwa Wote ambao kampuni huchangia nusu asilimia ya mapato yao, si huo ndo wa kujazia pale pasipo na faida?

Kando kidogo, mkinunua simu ya bei rahisi pale Mwembe Tayari muulize muuzaji kama inashika bendi 20 na 28 (ndo hizo 800 na 700 kwa lugha ya simu), ikiwa haina hata mlingoti ujengwe uani kwako hutafaidi.

Wabunge wetu wa Mombasa wakirudi bungeni waombe ile orodha ya milingoti ya 800 mtaa kwa mtaa, Likoni, Mtongwe, Jomvu Kuu, Mwakirunge, na ichapishwe hapa gazetini kila mtu aisome.

Mkaazi wa Likoni,
Mombasa