Barua kwa Saumu: usimlipe yule dalali kwanza

Mtoni Kijichi,
Dar es Salaam.
12 Machi 2025

Mpendwa Saumu,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Bi Mkubwa na wote wa pale nyumbani Tanga, na kwamba funga zenu zinakwenda salama katika kumi hili la pili. Mimi sijambo, ila joto la Dar mwezi huu halimhurumii mtu aliyefunga, na daladala za Mbagala ni zilezile unazozijua. Salamu nyingine nitazimalizia mwishoni, maana jambo lililonifanya nishike kalamu halifai kucheleweshwa.

Tatu amenieleza kwamba umekwisha kukusanya zaidi ya nusu ya fedha anazozitaka yule dalali ili akupeleke Dubai kwa nafasi ya utarajali katika kampuni ya usafirishaji wa bidhaa, na kwamba Hamadi anatafuta mnunuzi wa pikipiki yake ili kiasi kilichobaki kitimie kabla ya Idi. Nilimwuliza kama amesikia vizuri. Saumu, wewe ndiye uliyekuwa ukiwakagulia wenzako risiti za kodi pale hosteli hadi wakakupachika jina la Mkaguzi Mkuu. Imekuwaje leo unataka kumkabidhi fedha mtu ambaye hata jina la kampuni anayokupeleka hajalitaja?

Sikusudii kuikashifu Dubai. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wameijua kazi yao katika maduka na maghala ya Deira kabla hawajaanza kwenda Guangzhou, na mtu anayetaka kuona bidhaa za dunia zikipishana hakosei anapoitazama bandari ya Jebel Ali. Hofu yangu ni njia unayopitishwa. Sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu ya 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa mkono wa mtu mwingine, na mwenye viza ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi kule. Hapa kwetu nako wakala binafsi wa ajira anatakiwa kuwa na leseni, na kazi za nje zina utaratibu wake unaopitia kwa Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA. Kwa hiyo mwulize mambo mepesi tu: leseni yake iko wapi, mkataba umetiwa saini na nani, na viza atakayokupa ni ya aina gani. Tatu anasema dalali huyo huwaonyesha watu picha yake akiwa amesimama mbele ya Burj Khalifa. Picha ya namna hiyo hata shemeji anayo, na hajawahi kumpeleka mtu popote zaidi ya mpakani Horohoro.

Lakini najua kwamba nikikukataza tu bila kukupa la kufanya nitakuwa sijakusaidia, kwa sababu umekaa nyumbani na shahada yako muda wa kutosha kumchosha mtu yeyote. Ofisi yetu, ambayo kama unavyojua husafirisha kahawa kwenda Ulaya na Japani, inatafuta watarajali wawili wa kuanza kazi baada ya Idi kwa muda wa miezi sita. Maombi yanafungwa Ijumaa, tarehe 21 mwezi huu. Nimekwisha kumtajia jina lako mkuu wa kitengo cha nyaraka, naye hakuahidi kitu zaidi ya kusema kwamba ataisoma barua yako kama atakavyozisoma za wengine, na kwa jinsi ninavyomjua, hilo ni jibu jema.

Nakusikia ukiguna kwamba ghala letu la Kurasini si biashara ya kimataifa. Nami nilidhani hivyo nilipoingia kama mtarajali, nikategemea kukutana na wanunuzi wa kigeni waliovaa tai, kisha nikapewa mashine ya kunakili na kabati la mafaili yaliyojaa vumbi. Ila katika mafaili hayo ndimo nilimoanza kuona kwamba kahawa huondoka nchini mara mbili, mara moja ikiwa ndani ya magunia na mara ya pili ikiwa katika karatasi, na kwamba safari ya karatasi ndiyo inayoleta fedha. Mnunuzi akifungua barua ya dhamana ya malipo, ile ambayo benki zote huiita LC, benki haimtumi mtu kwenda kuonja kahawa wala kuhesabu magunia. Inatazama nyaraka peke yake. Ina siku tano za kazi za kuzikagua, na muuzaji kwa kawaida ana siku 21 tangu mzigo upakiwe melini kuziwasilisha, isipokuwa LC yenyewe iwe imetaja vinginevyo. Ankara, orodha ya magunia, cheti cha asili, cheti cha afya ya mimea na hati ya shehena, zote lazima ziseme neno moja.

Nikupe mfano mmoja uelewe ninachokisema. Kontena moja la futi ishirini huchukua magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200 za kahawa tupu. Magunia yenyewe ya juti yana uzito wake, na yakiwa 320 uzito huo unapita kilo mia mbili. Safari moja mzigo wetu ulikuwa unakwenda Hamburg, na wakala mmoja wa usafirishaji aliandika kwenye hati ya shehena uzito wa kahawa tupu mahali palipotakiwa uzito wa kahawa pamoja na magunia yake. Kahawa ilikuwa nzuri, mnunuzi aliitaka, meli ilikuwa imekwisha ng'oa nanga, na bado benki ilizikataa nyaraka kwa kuwa hati mbili zilitofautiana. Fedha zikakaa huko hadi mnunuzi akaandika kwamba anaikubali kasoro hiyo, na benki ikakata ada yake ya kasoro juu yake. Wakati huo wote riba ilikuwa ikipanda, kwa sababu kahawa ile ilinunuliwa mnadani Moshi kwa fedha za mkopo. Wakala akatuandikia eti ni jambo dogo la karani. Mkuu wa kitengo aliisoma barua hiyo kwa sauti mbele yetu, akainyoosha, akaitia kwenye faili, hakusema neno. Sasa niambie, mkaguzi wangu wa risiti, kazi hiyo si yako?

Wala si karatasi peke yake. Utapelekwa ghalani pia, na huko ndiko nilikoipenda kazi hii. Kabla kontena halijapakiwa, mtu mmoja huingia ndani, milango ikafungwa kwa nje, naye akabaki gizani akitazama dari na kuta na pembe zote. Ukiona nuru inapenya hata mahali padogo kama tundu la sindano, kontena linarudishwa, maana panapoingia mwanga na maji ya bahari yataingia. Kisha unalinusa, kwa sababu kahawa hunyonya harufu ya chochote kilichotangulia, na kontena lililobeba samaki au kemikali halifai hata likioshwa. Vijana wanatandika kuta kwa karatasi nzito za kaki na kutundika mifuko ya kufyonza unyevu, kwani chombo kikitoka kwenye joto letu na kuingia kwenye baridi ya kaskazini bati hutoa jasho, na jasho hilo hudondokea magunia. Tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi zimeiacha Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, basi kahawa hukaa njiani siku nyingi zaidi, na hayo ya jasho na unyevu yamekuwa mazito kuliko zamani. Mara ya kwanza kufungiwa humo nilisoma kila dua niliyofundishwa chuoni na Mwalimu Kombo. Siku hizi hugombania zamu.

Jingine litakalokufaa ni sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 ya kuzuia bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu. Kahawa imo. Muuzaji atatakiwa kuonyesha shamba lilipo kwa vipimo vya latitudo na longitudo, na kwamba halikufyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umesogezwa mbele, lakini wanunuzi hawasubiri, na vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, yaani AMCOS, vinatuletea orodha za wakulima wenye vihamba vidogo mno, kila kimoja na namba zake. Namba hizo zikibadilishana nafasi, shamba la Rombo linahamia kusini mwa Hispania, na nimeliona hilo kwenye ramani kwa macho yangu. Watarajali wapya wataanzia hapo. Wengi watachoka kabla ya mwezi kwisha. Wewe, kwa ubishi wako, nadhani utawafuata makatibu wa AMCOS kwa simu hadi wakukimbie.

Kuhusu malipo sitakuficha. Ni posho ya nauli na chakula cha mchana, basi, na jambo hili linaniudhi kila ninapolifikiria. Ofisi inayouza kahawa kwa dola, tena katika msimu ambao bei ya arabika pale New York imeivunja rekodi iliyodumu tangu 1977 na mwezi uliopita ikapita dola 4 kwa ratili, inashindwaje kumlipa kijana wa shahada kodi ya chumba? Ukame wa Brazili umewatajirisha watu wengi, lakini mtarajali hayumo. Matokeo yake ni kwamba utarajali wanaupata wenye mjomba mjini, na asiye na mjomba anabaki kuwa windo la madalali kama huyo wako. Nimelisema hili kikaoni, likaandikwa kwenye kumbukumbu, na huko ndiko lilikobaki. Kwa hiyo mjomba wako wa mjini nitakuwa mimi. Chumba changu kinatosha vitanda viwili vidogo, tutachangia mkaa na maji, na kwa fedha ulizokwisha kukusanya utaishi miezi yote sita na nyingine zikabaki. Huyo dalali atakurudishia nini ukifika kule ukakuta hakuna kampuni?

Wala sikuahidi kwamba baada ya miezi sita utaajiriwa. Katika kundi letu nilibaki mimi na Frida, wengine wakaondoka, na mmoja wao sasa yuko Moshi akionja kahawa kwa kijiko kutwa nzima na kuitema, kazi ambayo Bi Mkubwa akiisikia atasema ni utovu wa adabu. Lakini wote wameondoka wakijua kusoma LC, kujaza tamko la forodha, na kumweleza mnunuzi kwa nini bei ya FOB Dar es Salaam, ya kahawa iliyofikishwa melini tu, si sawa na ya CIF Hamburg, ambamo muuzaji amelipia pia nauli ya meli na bima. Ujuzi huo ndio kampuni za Dubai zinaoutafuta, na siku ukitaka kwenda huko utakwenda na mkataba wenye jina lako, kwa gharama ya mwajiri kama sheria yao inavyotaka. Hapo hata mimi nitakusindikiza uwanja wa ndege.

Naomba basi uniletee barua ya maombi, wasifu usiozidi kurasa mbili, nakala ya matokeo na barua ya utambulisho kutoka chuoni. Katika barua usiandike kwamba una ndoto ya kuwa mfanyabiashara wa kimataifa, kwa kuwa mkuu wetu ana rundo la barua zinazoanza hivyo. Eleza jinsi ulivyozishika hesabu za hosteli, na jinsi ulivyogundua ile risiti iliyoandikwa mara mbili; yeye hupenda mtu anayeona tofauti ya tarakimu moja.

Sasa nijibu. Je, umekwisha kumpa dalali chochote, au fedha bado ziko mkononi mwako? Kama umempa, alikuandikia hati, na nani alishuhudia? Pasipoti yako iko kwako au ameichukua? Hamadi amepata mnunuzi wa pikipiki? Kama hajapata, utaweza kumzuia leo, au nimpigie mimi mwenyewe? Bi Mkubwa anaijua safari hii kweli, au ameambiwa unakwenda kusoma? Na ukija Dar, nani atamsaidia dukani, Tatu au yule mdogo wenu wa mwisho?

Barua hii anaibeba mjomba wake Tatu, anayepanda basi la asubuhi kesho. Karatasi zako mpe yeye Jumanne akirudi, zitakuwa mezani kwa mkuu siku inayofuata. Ukishaisoma nipigie usiku baada ya tarawehe, hata ikiwa ni kunitukana. Nisalimie Bi Mkubwa, shemeji na watoto.

Wako akupendaye,
Mwanaisha