Pima kwanza, sahibu yangu, kabla hujanunua betri nyingine

Chumbageni, Tanga

Kwako sahibu yangu wa tangu utotoni,

Assalaam aleykum. Baada ya salamu, nakuarifu kuwa sisi huku sote tu wazima, na mama anakuulizia kila akisikia mtu anatoka Bagamoyo. Barua yako nimeipata, na imenigusa sana, kwa kuwa yaliyokupata na gari lako ndiyo yaliyonipata mimi na Corolla yangu: taa nyekundu ya betri kubaki inawaka kwenye dashibodi, gari kugoma asubuhi, fundi kukuuzia betri mpya, na betri hiyo mpya nayo kulala kama ile ya zamani. Sasa unaniambia fundi huyo huyo anataka ununue betri ya pili, na kwamba unakusudia kuja Tanga na familia kwa ajili ya arusi ya mdogo wetu. Nakuomba sana usinunue betri, wala usifunge safari, mpaka altaneta, yaani ile jenereta ndogo inayozungushwa na injini, imepimwa.

Kazi ya betri ni kuweka akiba na kuizungusha injini wakati wa kuwasha. Gari likishawaka, umeme wote wa plagi, pampu ya mafuta, taa na feni hutoka kwenye altaneta, nayo ndiyo huirudishia betri kile ilichotoa. Altaneta ikifa, gari halizimiki pale pale, bali linaendelea kutembea kwa kula akiba ya betri, na hapo ndipo watu wengi hudhani kwamba hitilafu ni ndogo. Hebu piga hesabu: betri ya ampea-saa 45, ikiwa imejaa kabisa, na gari linakula ampea 20 mchana bila taa kubwa wala kiyoyozi, haiwezi kukufikisha mbali zaidi ya saa mbili, na usiku ni pungufu ya hapo. Kutoka Bagamoyo hadi Msata tu ni kilomita 64 hivi, na baada ya hapo bado una Mbwewe, Mkata, Kabuku na Segera mbele yako. Sitaki kabisa usikie injini inakata pumzi huko Mkata, giza limeingia na watoto wako ndani ya gari.

Kupima si kazi ngumu, na mita ya kawaida inatosha. Iweke kwenye volti za mkondo mnyoofu, ile alama ya mstari ulionyooka, kisha uguse vichwa vya betri asubuhi kabla hujawasha gari. Volti 12.6 maana yake betri imejaa, 12.2 imebaki kama nusu. Ikishuka chini ya 12 imekwisha, na kipimo chochote utakachochukua baadaye kitakudanganya mpaka uichaji kwanza. Sasa washa injini. Altaneta nzima itaipandisha mita hadi kati ya 13.8 na 14.5, na hata ukiwasha taa kubwa na feni haitakiwi kuanguka chini ya 13. Ukiona mita imebaki 12 na ushee na inazidi kushuka taratibu, gari halichaji. Ikipita 15, kidhibiti cha volti, ambacho mafundi wanakiita regyuleta, kimekufa, na betri yako inachemshwa mpaka maji yake yakauke.

Kuna jambo moja ambalo nakusihi usiliruhusu kwenye gari lako. Fundi mmoja huku, gereji siitaji, alitaka kuchomoa kichwa cha betri huku injini inaunguruma, ili aone kama gari litazimika. Wazee walifanya hivyo kwenye magari ya zamani yasiyokuwa na kompyuta, na kipimo hicho kimerithiwa bila kuulizwa sababu. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiiondoa ghafla, volti zinaruka juu kwa kishindo, na mruko huo unaweza kuua dayodi, vile vipande vinavyounyoosha umeme ndani ya altaneta, hata kama ilikuwa nzima, na kompyuta ya injini pamoja nayo. Nilimzuia mkono. Alikasirika, nami nikaondoka na gari langu, kwa sababu fundi anayekataa kununua mita hastahili kushika umeme wa gari la mtu.

Nikampata kijana mmoja Ngamiani, fundi umeme wa magari, ambaye kwa kweli amenifundisha mengi. Alianza na vitu ambavyo havigharimu kitu. Aliubonyeza mkanda unaoizungusha altaneta, katikati ya puli mbili, akatazama kama umelegea au umeng'aa kwa kuteleza. Akafungua swichi bila kuwasha injini, akaangalia kama taa ya betri inawaka. Isipowaka hapo, kasoro huenda iko kwenye fyuzi, kwenye waya au kwenye kiglopu chenyewe, na katika magari mengi ya zamani altaneta haianzi kuchaji kama umeme wa taa hiyo haufiki. Kisha akageuza mita kwenye mkondo geu, yaani umeme unaogeuza mwelekeo kila mara, ile alama ya wimbi, injini ikiwa inaunguruma. Altaneta kwa asili yake huzalisha mkondo geu, kama mitambo ya Hale inayozungushwa na maji ya mto Pangani. Ndani yake kuna sumaku ya umeme inayozunguka katikati ya koili, na dayodi ndizo zinazounyoosha mkondo huo ili betri iweze kuupokea. Dayodi moja ikifa, mkondo geu unapenya, na mita ikionyesha zaidi ya nusu volti hapo kwenye betri, ujue dayodi zina ugonjwa. Dayodi mbovu pia hunyonya betri usiku gari likiwa limelala. Kama asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, utaigusa altaneta yako na kuikuta ina joto, umeshapata jibu lako.

Yangu ilikuwa na matatizo mawili, dayodi na brashi. Brashi ni vile vijiti viwili vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sumaku inayozunguka, navyo huisha kwa kusuguana. Katika magari mengi ya Toyota brashi mpya huwa imejitokeza milimita 10.5, na ikifika 1.5 haifai tena. Zingekuwa brashi peke yake, tungenunua brashi tu, fundi akazilehemu, na gari likarudi barabarani kwa gharama ndogo sana. Muulize fundi wako swali hili kabla hajakutajia altaneta nzima, kwa sababu wengi wao hawafungui kabisa. Wanang'oa na kutupa.

Usumbufu mkubwa ulikuwa kwenye kununua. Duka la kwanza liliniuzia altaneta ya mtumba iliyofanana na yangu kwa umbo, lakini soketi yake ilikuwa na umbo jingine na puli yake ina njia tofauti za mkanda. Nilipoirudisha nikaonyeshwa kibao ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa haipokelewi. Hili liliniuma, nami bado naona si haki, kwa kuwa mnunuzi aliyeeleza aina ya gari na injini yake amefanya sehemu yake. Kwa hiyo wewe ing'oe ya zamani kwanza, uende nayo mkononi. Linganisha soketi na idadi ya pini zake, puli, masikio ya kufungia bolti, na ampea zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kama yako ni ya ampea 80, usikubali ya 60 kwa sababu tu inaingia, maana taa, feni na kiyoyozi vikifanya kazi pamoja itashindwa kubeba mzigo. Izungushe kwa mkono usikie kama beringi zinakwaruza. Mtumba halisi kutoka Japani, wenye jina la Denso na vumbi lake, mimi nauamini kuliko mpya wa boksi linalong'aa ambao asili yake haijulikani, lakini mwambie muuzaji mbele ya shahidi, na aandike kwenye risiti, kwamba unaenda kuifunga na kuipima, na isipochaji unairudisha.

Kuifunga kwenyewe hakuna maneno mengi. Fundi lazima atoe kwanza kichwa hasi cha betri, kwa sababu waya mnene ulioko nyuma ya altaneta una umeme wakati wote, hata gari likiwa limezimwa, na spana ikigusa hapo na bodi kwa pamoja mtaona cheche ambazo hamtazisahau. Mkanda usikazwe kupita kiasi. Mkanda uliokazwa kama uzi wa zeze unaua beringi mapema.

Lililonishangaza lilikuja baada ya kufunga altaneta niliyoipata duka la pili. Mita nyuma ya altaneta ilisoma 14.3, nasi tukafurahi, lakini kwenye betri ilisoma 13.1. Volti zaidi ya moja zilikuwa zinapotea njiani! Gereji nyingine ingesema altaneta hii nayo mbovu, na ningeingia kwenye duka la tatu. Kijana yule aliweka ncha moja ya mita kwenye mwili wa altaneta na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, taa zikiwa zimewashwa, akakuta upotevu karibu wote uko hapo, mahali ambapo hautakiwi kuzidi sehemu mbili au tatu za kumi za volti. Waya wa athi unaounganisha injini na bodi ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani ndani ya ganda lake, wakati kwa nje ulionekana mzima. Sisi watu wa pwani tunapaki magari yetu kwenye upepo wa bahari mwaka mzima, na chumvi hiyo inaingia kwenye kila kiungo cha waya. Tulibadilisha kipande hicho cha waya, tukasugua sehemu ya kufungia kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, tukapaka grisi juu ya nati, na betri ikasoma 14.2. Kwako Bagamoyo, ambako nyumba yako inatazamana na bahari, mimi ningeanza kukagua hapo hapo kabla ya kitu kingine chochote, na nina wasiwasi kwamba huenda hata ile betri yako ya kwanza ilikuwa nzima. Kama bado iko kwa fundi, idai. Ichajiwe kwa chaja usiku kucha, ilale bila mzigo kwa saa kadhaa, kisha ipimwe.

Nakuomba basi unitumie vipimo vinne kwenye karatasi: betri kabla ya kuwasha, betri injini ikiwa inaunguruma, betri taa na feni zikiwa zimewashwa, na volti zilizoko kati ya mwili wa altaneta na kichwa hasi. Andika pia namba zote zilizo kwenye kibandiko cha altaneta na idadi ya pini za soketi. Nikizipata nitakaa na fundi wangu tuzitazame, na kama kweli itabidi kununua, tutamwomba mtu tunayemwamini pale Gerezani, Kariakoo, aitafute na akuletee Bagamoyo, ambako si mbali. Siku za arusi zikifika kabla kazi haijakamilika, njooni kwa basi. Nitawapokea mwenyewe stendi ya Kange, saa yoyote mtakayofika.

Nisalimie shemeji, wanangu wote, na mzee akitoka msikitini mwambie namwombea afya.

Wako akupendaye,
Sahibu yako wa Chumbageni