Makaa ya mawe yazimwe kwanza, si nyuklia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa umeme wa nyuklia na nishati jadidifu, yaani ile isiyokwisha kama ya jua na upepo. Wengi hubishana kama nyuklia ni nzuri au mbaya. Kwangu, swali zito ni kipi kizimwe kwanza.

Aprili 15, 2023 Ujerumani ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho vya nyuklia, ilhali sheria yake inaruhusu makaa ya mawe yaendelee kuchomwa hadi 2038. Hapo ndipo ninapoumia. Vinu vile vilikuwa bado vinazalisha umeme bila kutoa hewa ukaa. Hofu iliyozuka baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, mwaka 2011 naielewa, maana zaidi ya watu 100,000 walihama makwao. Lakini moshi wa makaa huua watu wengi mno kila mwaka, tena kimyakimya, bila king'ora wala kamera.

Kujenga vinu vipya ni habari nyingine. Kinu cha Olkiluoto 3 cha Finland kilianza kujengwa 2005 kikitarajiwa kuwa tayari 2009. Kilianza uzalishaji wa kawaida 2023. Ufaransa, inayopata takriban theluthi mbili ya umeme wake kwa nyuklia na yenye mafundi wabobezi, ilianza kujenga kinu cha Flamanville 3 mwaka 2007 ikakiunganisha na gridi Desemba 2024. Miaka 17! Katika kipindi hicho bei ya paneli za sola iliporomoka kwa zaidi ya asilimia 80, na shamba kubwa la sola huweza kukamilika ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Ni kweli jua huzama na upepo hutulia. Kwa hiyo fedha ziende pia kwenye betri, kwenye mabwawa ambayo maji hupandishwa umeme ukizidi na kushushwa ukipungua, na hasa kwenye njia za kusafirisha umeme, ambazo husahaulika mno.

Kwenye COP28, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi uliofanyika Dubai mwaka 2023, zaidi ya nchi 20 ziliahidi kuongeza uwezo wa nyuklia mara tatu ifikapo 2050. Nazisihi serikali hizo zitangaze pia ni mitambo ipi ya makaa itakayozimwa, na mwaka gani, bila kusubiri kinu hata kimoja kikamilike.

Msomaji wako