Wanangu mlioandika "Itaendelea" mkanyamaza

Wanangu, waandishi wa hadithi za mashabiki,

Assalaam alaykum. Nawaandikia nyinyi mliowachukua wahusika wa mtunzi mwingine kwa mapenzi, mkawatungia visa vipya sura baada ya sura, kisha siku moja mkaandika "Itaendelea" na isiendelee. Wengine ni mwaka wa tatu huu, wengine wa saba. Najua mnavyolikwepa faili lile kama mtu anavyolikwepa duka analodaiwa.

Mimi wangu alikuwa Bwana Msa, yule mpelelezi wa kiko aliyeumbwa na Muhammed Said Abdulla hapa hapa kwetu Unguja. Mwaka 1982 nilimvusha yeye na rafiki yake Najum hadi Pemba, kwenye nyumba moja ya Chake Chake ambako kidani cha dhahabu kilipotea usiku wa harusi. Kila baada ya magharibi nilimsomea dada yangu mdogo barazani. Sura ya tisa iliishia hivi: "Najum akafungua komeo, akarudi nyuma hatua mbili, kwani aliyesimama mlangoni hakuwa mwingine ila". Basi, hata nukta hakuna. Nilipata kazi Dar es Salaam, nikavuka bahari, daftari likabaki sandukuni.

Mwaka 2019 tulikuwa na shughuli nyumbani. Dada yangu amekaa mkekani na ungo mapajani, anachambua mchele, akaniuliza bila kuinua macho: "Kaka, mlangoni alikuwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemsahau mwizi wangu mwenyewe.

Nililitafuta daftari, na hapo nikafanya kosa ambalo naona wengi wenu mnalifanya. Nilianza kuitengeneza sura ya kwanza. Kijana yule wa miaka ishirini alipenda kuandika kwamba moyo ulidunda kama ngoma, mara tatu katika ukurasa mmoja, nami nikaona haya kwa niaba yake. Miezi minne nikafuta na kupamba. Sura ya kwanza ikang'aa, na Najum bado yuko mlangoni na komeo mkononi. Wanangu, kazi ile haikuwa kuandika. Ilikuwa namna nyingine ya kukimbia.

Wazee wetu wa mashairi walilijua jambo hili. Anayetunga takhmisi huchukua mishororo miwili ya mwenzake, akaongeza mitatu yake, ubeti ukatimia mitano. Ile miwili haigusi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alifanya hivyo kwa maneno ya Liyongo, na anayesoma anasikia sauti mbili ndani ya ubeti mmoja bila kukerwa. Mtazameni hivyo yule aliyeanza hadithi yenu, yaani nyinyi wenyewe wa zamani. Ni mwenzenu mwingine. Mwacheni na ngoma zake, nanyi ongezeni yenu chini. Mshono ukionekana, uonekane.

Wengine mnaniambia mmejifungia njia: mmeshamwua mtu, au mmeshasema neno lisilorudishika. Mwandishi Mwingereza Arthur Conan Doyle alimwangusha mpelelezi wake, Sherlock Holmes, kwenye maporomoko ya Reichenbach, Uswisi, mwaka 1893. Mwaka 1903 akamrudisha hai, na hakubadili hata neno la kisa kile cha zamani. Watson, rafiki yake Holmes, aliziona nyayo na barua, lakini mwili hakuuona. Mlango ulikuwa wazi miaka yote ile.

Basi someni mlichoandika, chote, kwa siku moja, bila kalamu mkononi. Mimi nilisoma hivyo, na katika sura ya tatu nikakuta mpishi ameacha alama za kandambili mbichi ukumbini, ilhali usiku ule mvua haikunyesha. Sikuwahi kueleza kwa nini. Sura ya sita, shangazi wa bwana harusi anakataa kuchotewa maji kisimani, anataka ateke mwenyewe. Hilo nalo nililiacha hewani. Sijui kijana yule alikusudia nini, wala simdai. Nilivikutanisha vile viwili tu, kidani kikatoka kisimani ndani ya ndoo.

Na mkirudi kwa wasomaji, msiwaandikie kurasa mbili za kuomba radhi. Salamu moja yatosha, kisha sura. Aliyekuwa akiuliza kila wiki "tunasubiri" hakuwa akisubiri maelezo ya mitihani na ugonjwa na simu iliyoibiwa. Kama amebaki mmoja tu, mwandikieni huyo mmoja kama mlivyowaandikia mia.

Mimi nilikuwa naye mmoja. Nilimsomea sura tano mpya kwa jioni tano, baraza ile ile, sasa tuna miwani sote. Nilipofika mlangoni nikalitaja jina la shangazi, dada yangu akabisha pale pale. Akasema yeye miaka thelathini na saba alijua ni mpishi, na kwamba kandambili zile ni ushahidi tosha. Tulibishana mpaka isha.

Ni mimi mzee wenu,
Unguja